Naombeni ushauri: sehemu ya kuzungumza kwenye IELTS (mtihani wa Kiingereza), nipo Mwanza

Binti wa Pasiansi

Wakuu, habari za humu. Naomba ushauri, hasa kwa mliokwishaufanya huu mtihani au mnaofundisha.

Nafanya kazi ya udhibiti ubora kwenye kiwanda cha kuchakata sangara hapa Mwanza. Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza, upande wa usalama wa chakula, lakini kwa masharti: nipeleke IELTS yenye wastani wa 6.5, na kipengele chochote kisishuke chini ya 6. Nimeshajisajili, nitafanyia Dar mwezi ujao. Kusoma, kuandika na kusikiliza najiona niko vizuri. Kinachoninyima usingizi ni kuzungumza.

Kiingereza ninacho, ila kimebaki kwenye macho na vidole. Naandika ripoti za joto la vyumba vya baridi, najibu barua pepe za wateja wa nje, nasoma miongozo ya ukaguzi. Lakini zamu nzima tunaongea Kiswahili, akina mama wa kwenye meza za minofu wanaongea Kisukuma, na nyumbani ndiyo kabisa. Mtu akiniuliza kitu kwa Kiingereza, neno ninalolijua fika linanikimbia. Nasita, na nikishasita sarufi nayo inaharibika: kaka yangu anakuwa "she", mama anakuwa "he".

Nitajizoezaje kuongea na sina mtu wa kuongea naye? Kuna faili la majibu ya kukariri nimetumiwa kwenye simu, linafaa? Na hii lafudhi yetu ya Kanda ya Ziwa itanipunguzia alama? Natanguliza shukrani.

Mwalimu wa Nyegezi

Hongera sana kwa nafasi, mwanangu. Tuanze na mtihani wenyewe, maana hofu nyingi inatokana na kutojua unachokwenda kukutana nacho.

Mazungumzo yanachukua dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini mmoja, na yote yanarekodiwa. Yana sehemu tatu. Ya kwanza, dakika 4 hadi 5, ni maswali ya kawaida kukuhusu: unakoishi, kazi, chakula, usafiri, muziki, siku za mapumziko. Ya pili unapewa kadi yenye mada moja na vidokezo vyake, pamoja na karatasi na penseli. Unajiandaa kwa dakika 1, kisha unaongea peke yako kwa dakika 1 hadi 2. Ya tatu, dakika 4 hadi 5 nyingine, mtahini anaichukua mada iliyokuwa kwenye kadi na kuifanya mjadala. Kama kadi ilitaka ueleze soko unalolipenda, sasa atakuuliza kwa nini watu wa mijini wanahamia maduka makubwa, au kama serikali ina wajibu wa kuyalinda masoko ya zamani.

Alama zinatolewa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: ufasaha na mtiririko, msamiati, sarufi, na matamshi. Yaani ukipata 6 kwenye ufasaha, 6 kwenye msamiati, 5 kwenye sarufi na 7 kwenye matamshi, wastani wako ni 6. Hizo "he" na "she" zinagusa kigezo kimoja tu kati ya vinne, kwa hiyo zisikuvunje moyo.

Sasa angalia kitu ambacho hakipo kwenye vigezo: maarifa. Mtahini hapimi kama jibu lako ni sahihi, wala kama anakubaliana nawe. Wanafunzi wengi hili hawaliamini mpaka mwisho. Wanatumia nguvu zote kutafuta jibu la maana, kumbe wanachodaiwa ni kuongea.

Na usilenge kuwa mtangazaji. Kwenye ufasaha, mtu wa bendi 5 (yaani mwenye alama 5) anaendelea kuongea ila kwa kurudiarudia, kujisahihisha na kwenda polepole. Mtu wa bendi 6 yuko tayari kuongea kwa kirefu, ingawa kuna wakati anapoteza mtiririko kwa sababu ya kusita au kujisahihisha. Umeona? Hata huyo wa 6 anasita. Alichomzidi mwenzake ni utayari wa kuongea kwa kirefu.

Mwaloni Kirumba

Dada, mimi naona lile faili usilifute. Mada zao zinajirudia: mahali unapopapenda, mtu unayemheshimu, safari, zawadi. Ukishakuwa na majibu kichwani huwezi kukosa la kusema, na hofu inapungua. Kuna ndugu yangu alikariri na mambo yake yakaenda.

Mwalimu wa Nyegezi

Ndugu yangu wa Mwaloni, orodha ya mada nakubaliana nawe, aichukue. Majibu ndiyo namwomba aachane nayo kabisa.

Watahini wamefundishwa kulitambua jibu la kukariri, na hata asiyefundishwa analisikia. Mtu alikuwa anatafuta maneno kwenye swali la kwanza, ghafla kwenye swali la pili anamwaga sentensi ndefu bila kupumua, tena kwa msamiati ambao dakika iliyopita hakuwa nao. Mtahini ana haki ya kukukatiza na kuuliza kitu kingine. Hapo aliyekariri anabaki hana pa kushika, kwa sababu alichokihifadhi ni mpangilio wa maneno, hakuwa na wazo lake mwenyewe la kumrudisha kwenye mazungumzo. Sehemu ya tatu ndiyo haina faili kabisa, maana maswali yanafuata mjadala unavyokwenda.

Huyu binti anafanya kazi kiwandani, anaishi kando ya ziwa, anajua mambo ambayo mtu wa London hayajui. Ya nini aende kusimulia safari ya mtu mwingine?

Nesi wa Bwiru

Mdogo wangu, suala la kukosa mtu wa kuongea naye nalielewa vizuri, hata sisi wodini ni Kiswahili mwanzo mwisho. Mimi nilifanya IELTS kwa ajili ya usajili wa unesi Uingereza, ambako kwenye kuzungumza wanataka 7. (Watu wa afya tunaruhusiwa pia kutumia OET, mtihani wa Kiingereza cha kazi za afya, wenye maigizo ya kuongea na mgonjwa. Wewe hiyo haikuhusu, baki na IELTS.)

Simu yako ndiyo mwenzako. Fungua kinasa sauti, chukua mada moja, weka saa ya dakika 1 ya kuandika na dakika 2 za kuongea. Ongea mpaka saa ilie, hata kama umeishiwa. Usisimamishe ili uanze upya, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani hakuna kuanza upya. Ile hali ya kuishiwa na bado unaendelea ndiyo unayoizoeza.

Tuseme kadi imesema: eleza safari ya majini uliyowahi kwenda. Wewe umepanda meli ya Nansio au kivuko cha Kamanga. Kwenye ile dakika 1 usiandike sentensi, hutamaliza. Andika vitu vya kukuamsha: bibi, mzigo, upepo, mabati ya Ukerewe yanayong'aa, njaa, sato wa kukaanga. Kila neno linakupa sentensi mbili au tatu. Ukiishiwa na vidokezo vya kadi, rudi ulikohisi kitu: ulikuwa na wasiwasi gani, ulifurahi nini, ungeirudia safari hiyo na nani. Kueleza sababu na hisia kunaongeza urefu wa jibu, na kunakulazimisha utumie sarufi ya aina tofauti bila kuipanga.

Kisha sikiliza ulichorekodi, na hapa ndipo wengi wanakosa subira. Usisikilize yote kwa pamoja. Mara ya kwanza fuatilia "he" na "she" tu. Kiswahili kina "yeye" mmoja kwa wote, Kisukuma nacho hakitenganishi, kwa hiyo ulimi haujazoea kuchagua. Zoezi langu lilikuwa kusimulia habari za babu na bibi kwenye simulizi moja: babu alikwenda kuvua, bibi akamsubiri ufukweni, babu akamwambia hivi, bibi akakataa. Simulizi ya namna hiyo inakulazimisha ubadilishe kila sentensi. Mara ya pili fuatilia wakati uliopita: umeanza na jana, je, umebaki jana? Mara ya tatu hesabu pale uliponyamaza, na utafute ni neno gani ulikuwa unalitafuta.

Hilo neno lililokimbia usikimbilie kamusi kwanza. Jizoeze kulizunguka. Umesahau neno la kokoro? Sema ni wavu mrefu unaovutwa kutoka ufukweni na unachukua hata samaki wadogo. Umeeleweka na umeendelea, na kuzunguka neno kwa ufundi kunahesabiwa kuwa uwezo kwenye msamiati.

Msukuma wa Kisesa

Kuhusu lafudhi, dada, tulia. Hawatafuti lafudhi ya Kiingereza cha Uingereza wala Marekani. Wanachotazama ni kama msikilizaji anakuelewa bila kupata taabu. Mtu anayeigiza pua ya kizungu anaeleweka kwa shida kuliko anayeongea kwa sauti yake.

Ila kuna mambo ya kurekebisha sisi watu wa huku. L na r wengi wetu tunazibadilishana, na neno linaweza kugeuka lingine kabisa. Pia maneno ya Kiingereza yanayoishia na konsonanti tunayawekea irabu mwishoni, au tunaimeza ile herufi ya mwisho. Ukimeza mwisho wa kitenzi, wakati uliopita umepotea na wingi umepotea, sasa mtahini anasikia kosa la sarufi ambalo kichwani hukulifanya. Chukua taarifa fupi ya BBC, sikiliza sentensi moja, simamisha, itamke kama ulivyoisikia, na uitazame zaidi miishio na mahali anapoweka mkazo.

Binti wa Pasiansi

Mungu awabariki jamani. Faili nimebakiza mada tu, majibu nimeyafuta.

Nimejaribu zoezi la dada Nesi jana usiku kwa mada ya meli. Dakika ya kwanza nilienda vizuri, baada ya hapo nikaanza kuzunguka palepale, lakini sikusimamisha. Sasa swali langu ni sehemu ya tatu. Mambo ya binafsi naweza, ila nikiulizwa maswali ya jamii naona jibu langu linaisha kwenye "ndiyo, nadhani ni muhimu."

Mwalimu wa Nyegezi

Vizuri sana kwamba hukusimamisha.

Kwa sehemu ya tatu, jibu lako lipite vituo vichache: msimamo, sababu, mfano, kisha upande wa pili. Huna haja ya kuvitaja kwa majina wala kuvipanga sawasawa kila mara. Chukua swali kama hili: je, miundombinu mikubwa inaboresha maisha ya watu wa kawaida? Wewe una daraja la Kigongo–Busisi hapo. Sema unaamini inaboresha. Sababu, muda: watu walikuwa wanasubiri kivuko kwa saa nyingi. Mfano, mgonjwa anayeletwa hospitali ya Bugando kutoka upande wa Sengerema, au gari la samaki ambalo barafu yake inayeyuka likiwa kwenye foleni, na hili la barafu hakuna atakayelieleza kukuzidi wewe. Kisha geuka: wapo waliokuwa wanaishi kwa kuuza chakula kwenye foleni ya kivuko, hao wamepoteza wateja, na pengine mipango ingewafikiria. Hapo umeongea karibu dakika nzima, umetumia wakati uliopita, uliopo, na sentensi ya "ingekuwa", bila kuhifadhi chochote.

Fanya hivyo kwa mambo unayoyaona kila siku. Magugu maji. Vijana kuacha uvuvi na kukimbilia bodaboda. Sangara aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 akatupa viwanda na ajira, na samaki wa asili wakapungua. Hiyo peke yake ina pande mbili zinazotosha mjadala mzima.

Usipolisikia swali, omba arudie. Kuomba hivyo hakukupunguzii alama, na ni bora mara mia kuliko kujibu swali ambalo hukuulizwa. Ukihitaji sekunde chache za kufikiri, sema kwa sauti kwamba ni swali gumu na hujawahi kulitazama kwa upande huo, kisha uendelee. Usilitumie hilo kwenye kila swali tu.

Mwaloni Kirumba

Mwalimu umenishawishi, hapo kwenye mfano wa barafu nimekuelewa.

Dada, niongeze la safari. Kuzungumza kunaweza kupangwa siku tofauti na zile sehemu nyingine za mtihani, hadi wiki moja kabla au baada. Kwa hiyo hakikisha tarehe zote mbili kabla hujakata tiketi ya kurudi. Kwa basi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100, usishuke stendi asubuhi na kuingia chumba cha mtihani mchana. Na beba pasipoti ileile uliyojisajilia. Nakala haifai.

Nesi wa Bwiru

Jumamosi hii niko zamu ya usiku, mchana nina nafasi. Nicheki PM nikupe namba, nitakupigia niwe mtahini wako, sehemu zote tatu, na sitakubali neno la Kiswahili mpaka tumalize.

Binti wa Pasiansi

Nimekutumia PM sasa hivi, dada. Mada ya kadi usiniambie kabla.