Tupeane uzoefu: moyo una nchi mbili, jezi ni moja

Mwenye Uzi

Wakuu, kila mashindano makubwa yakikaribia ugomvi ni ule ule. Mchezaji mama yake wa huku, baba wa kule, mwenyewe kazaliwa nchi ya tatu. Akifunga ni wetu, akikosa penalti ni wao. Simulizi za maisha yetu binafsi tuziweke kando. Anayeijua kanuni, mfano uliothibitika au mtego uliowahi kunasa watu, aumwage hapa.

Naweka msingi. Shabiki anapima moyo, FIFA inapima uraia, dakika na tarehe. Ndiyo maana tunabishana hadi asubuhi bila kukutana.

Uraia kwanza. Lazima uwe wa kudumu, usiotegemea kuishi mahali fulani. Kibali cha ukaazi hakimpi mtu jezi ya taifa hata akae miaka 20. Aliyeupata uraia baadaye anatakiwa awe na angalau kimoja kati ya hivi: kazaliwa katika ardhi hiyo, au baba au mama yake wa damu kazaliwa hapo, au babu au bibi kazaliwa hapo, au mwenyewe kaishi hapo. Hili la kuishi ndilo linalochanganya watu: aliyehamia kabla ya kutimiza miaka 10 anahitaji miaka 3, aliyehamia baada ya hapo anahitaji 5. Na aliyehamia kati ya miaka 10 na 18 aonyeshe kwamba safari ile haikuwa ya kutafuta timu ya taifa.

Benchi la Ufundi

Mimi nachukua dakika.

Kuitwa kambini hakukufungi. Kukaa benchi hakukufungi. Kusimama mstarini na kuimba wimbo wa taifa kwa machozi hakukufungi. Kinachokufunga ni kukanyaga uwanja, hata kwa sekunde chache, katika mechi ya mashindano rasmi: kufuzu Kombe la Dunia, kufuzu AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) au Euro (la Ulaya), Ligi ya Mataifa ya Ulaya, hadi mashindano rasmi ya vijana.

Somo kubwa hapa ni Munir El Haddadi. Septemba 2014, akiwa na miaka 19, Hispania ilimwingiza dakika ya 77 dhidi ya Macedonia katika mechi ya kufuzu Euro. Hakupangwa tena katika timu ya wakubwa. Moroko walipomtaka kwa Kombe la Dunia la 2018, kesi ikafika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, na Mei mwaka huo akakataliwa. Robo saa isiyotimia ikamnyima fainali za dunia. Kanuni ilipolegezwa Septemba 2020 ndipo mlango ukafunguka, na Machi 2021 akaivaa jezi ya Moroko.

Masharti ya sasa kwa aliyekwisha kuchezea wakubwa yanakwenda pamoja, huchagui moja ukaacha jingine. Asiwe amecheza zaidi ya mechi 3 za timu ya wakubwa. Mechi yake rasmi ya mwisho kwa nchi ya zamani, ya ngazi yoyote, awe aliicheza kabla ya kutimiza miaka 21. Iwe imepita miaka 3 tangu ile ya mwisho. Asiwe amecheza hata dakika moja katika fainali za Kombe la Dunia au za bara lake. Na siku alipocheza mechi yake rasmi ya kwanza kwa nchi ya zamani, awe tayari alikuwa na uraia wa hii anayoitaka.

Chukua kijana aliyecheza mechi mbili rasmi akiwa na miaka 19 na ya tatu akiwa na miaka 20 na miezi 11. Anaweza kuomba akifika miaka 23 na miezi 11. Mechi hiyo ya tatu ikisogezwa mbele miezi miwili tu, habari imekwisha.

Fulubeki

Benchi, umeeleza vizuri ila kuna mahali watu watajikwaa. Hayo masharti ya mechi 3 yanaanza kumhusu mtu pale tu alipocheza mechi *rasmi*. Aliyecheza za kirafiki peke yake hajafungwa na yeyote, awe na miaka 20 au 28.

Declan Rice aliichezea Jamhuri ya Ireland mechi 3 za kirafiki mwaka 2018, na Machi 2019 akaanza kuichezea Uingereza. Diego Costa alicheza mbili za kirafiki na Brazil Machi 2013, mwaka uliofuata yuko Kombe la Dunia na Hispania, tena nchini Brazil kwenyewe, anazomewa kila akigusa mpira. Wilfried Zaha, mbili za kirafiki na Uingereza, kisha AFCON 2017 na Ivory Coast. Iñaki Williams aliichezea Hispania mechi moja ya kirafiki Mei 2016 akiwa na miaka 21 tayari. Ingekuwa ya kufuzu, Ghana wasingempata 2022.

Kwa hiyo kocha anayeogopa kupokonywa kijana humwingiza dakika za mwisho katika mechi rasmi ili "amfunge kamba". Kwa maoni yangu ni uhuni wa makaratasi, maana mara nyingi kijana huyo hapangwi tena. Tangu 2020 mbinu hii imepungua makali kwa walio chini ya miaka 21, lakini kwa aliyevuka umri huo bado inaua.

Karani wa Vyeti

Hapa ndipo timu zinapopoteza pointi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kubadili shirikisho, yaani nchi unayoichezea, si kutangaza kwenye mitandao. Ni ombi la maandishi, lenye sababu na vielelezo, linalopelekwa sekretarieti ya FIFA. Uamuzi hutolewa na chombo kinachoshughulikia hadhi za wachezaji. Ombi likishaingia, mchezaji hachezei upande wowote hadi majibu yatoke. Shirikisho likituma faili wiki ya mechi linajinyima lenyewe. Kibali chenyewe ni cha mara moja, isipokuwa kama amebadili na hajawahi kupangwa huko alikokwenda.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba pasipoti inatosha. Emilio Nsue alizichezea timu za vijana za Hispania, kisha Machi 2013 akaifungia Guinea ya Ikweta mabao matatu dhidi ya Cape Verde. Pasipoti alikuwa nayo, kibali cha kubadili shirikisho hakuwa nacho. Ushindi wa 4-3 ukageuzwa kuwa kipigo cha 3-0. Ajabu ni kwamba aliendelea kupangwa miaka zaidi ya kumi, akawa mfungaji bora wa AFCON 2023 kwa mabao 5. Mei 2024 FIFA ikamfungia miezi 6, na mechi mbili za kufuzu Kombe la Dunia la 2026, dhidi ya Namibia na Liberia, zikageuzwa 3-0 kwa wapinzani.

Kosa la pili ni cheti cha babu. Ukoo ukipita kwa babu au bibi, kinachotakiwa ni mahali *alipozaliwa*. Kabila lake, dini yake au jina la ukoo havihesabiki. Rekodi za zamani zimeandikwa kwa mkono, majina yamepinda, na hapo ndipo mtu anashawishika "kurekebisha". Septemba 2025 FIFA iliwafungia miezi 12 wachezaji 7 waliokuwa wameichezea Malaysia, baada ya kupata vyeti halisi vya wazee wao vinavyoonyesha walizaliwa nje ya Malaysia. Wanaoandaa faili wafuate cheti kwenye ofisi kilikotolewa. Nakala ya kupokea kwa wakala si ushahidi.

La tatu ni la hatari zaidi kwa sababu huja ukidhani umeshinda. Kesi ya Byron Castillo wa Ekuador: Novemba 2022 CAS ilisema kisheria ni raia wa Ekuador na alistahili kucheza, ila pasipoti yake ina taarifa za uongo. Ekuador ikaenda Qatar, lakini ikaanza kampeni ya kufuzu 2026 ikiwa imekatwa pointi 3.

Jirani wa Mpaka

Kuna nchi ambazo uraia pacha kwa mtu mzima haupo. FIFA haigusi sheria hiyo. Tanzania ni mojawapo, wakati Kenya iliruhusu kwa katiba ya 2010. Tazama Yussuf Poulsen: kazaliwa Copenhagen, baba Mtanzania, na Kombe la Dunia la 2018 alivaa jezi ya Denmark yenye jina la ukoo wa baba yake, Yurary, mgongoni. Kumlaumu mtu kama huyo kwamba "alikataa nyumbani" bila kutaja pasipoti ambayo angelazimika kuirudisha ni kumwonea.

Waingereza nao wana lao. Pasipoti moja, vyama vinne. Ikikosekana damu ya mzazi au babu na hakuzaliwa hapo, wamekubaliana kwamba mtoto aliyesoma miaka 5 katika eneo la chama fulani kabla ya kufika 18 anaweza kukichezea.

Mzee wa Kumbukumbu

Vijana wanadhani mambo haya yameanza juzi. Luis Monti alicheza fainali ya 1930 na Argentina akapoteza, akacheza ya 1934 na Italia akachukua kombe. Hakuna mwingine aliyecheza fainali mbili za dunia kwa nchi mbili. José Altafini: Brazil 1958, Italia 1962. Puskás: Hungaria, kisha Hispania. Di Stéfano alitwaa ubingwa wa Amerika Kusini na Argentina 1947, halafu akaifungia Hispania mabao 23 katika mechi 31. Baada ya miaka hiyo ndipo FIFA ikakaza kamba, na kuanzia 2004 ikaanza kuilegeza tena kidogo kidogo.

Jukwaa la Mashariki

Tumesahau mashabiki.

Kwanza kushangilia. Kutoshangilia ni hiari, hakuna kanuni inayolazimisha. Podolski, mzaliwa wa Poland, aliifunga Poland mara mbili Euro 2008 akatulia. Breel Embolo, mzaliwa wa Yaoundé, aliifungia Uswisi bao pekee dhidi ya Kamerun Novemba 2022 akanyanyua mikono kama mtu anayeomba radhi. Hiyo ni salama. Isiyo salama ni ishara inayosomwa kama siasa: Xhaka na Shaqiri walipoonyesha kwa mikono tai mwenye vichwa viwili wa bendera ya Albania dhidi ya Serbia 2018, kila mmoja alipigwa faini ya faranga za Uswisi 10,000. Shaqiri aliingia na viatu vyenye bendera za Uswisi na Kosovo na hakuna aliyemgusa. Mkono ndio ulioleta kesi.

Wimbo wa taifa je? Mchezaji halazimishwi kuimba. Özil wa Ujerumani alikuwa anaomba dua wimbo ukipigwa, na bado watu walikuwa wanaichunguza midomo yake. Jukwaa likizomea wimbo wa wageni, anayelipa ni shirikisho, kwa sababu linawajibika kwa watazamaji wake. Kilele cha kuzomea ni Ufaransa na Algeria, 6 Oktoba 2001: wimbo wa Ufaransa ulizomewa, na dakika ya 76 matokeo yakiwa 4-1 vijana wakavamia uwanja, mechi ikaishia hapo.

Familia iliyogawanyika ikienda uwanjani, isinunue tiketi za mgawo wa shirikisho. Zile zinakukalisha katikati ya mashabiki wa upande mmoja, na anayevaa rangi za upande wa pili anaweza kuhamishwa au kutolewa nje. Nunua za mauzo ya jumla. Mama wa akina Xhaka alilimaliza hili kwa fulana moja yenye Uswisi nusu na Albania nusu, watoto wake walipokutana Lens, Euro 2016. Uswisi ilishinda 1-0.

Fulubeki

Na ndugu si wao tu. Akina Boateng walikutana mara mbili katika Kombe la Dunia, Jérôme kwa Ujerumani na Kevin-Prince kwa Ghana: 1-0 kwa Ujerumani 2010, 2-2 mwaka 2014. Mama tofauti, baba mmoja Mghana, wote wamezaliwa Berlin. Akina Williams nao, Iñaki Ghana, Nico Hispania, wote walikuwa Qatar. Anayesema "damu ndiyo inaamua" anieleze ni damu ipi hapo.

Benchi la Ufundi

Kwenye hilo Moroko wamejibu kwa vitendo. Kikosi cha 2022 kilichofika nusu fainali kilikuwa na 14 kati ya 26 waliozaliwa nje. Penalti iliyoing'oa Hispania ilipigwa na Hakimi, mzaliwa wa Madrid, tena kwa kuuchota katikati ya goli.

Jambo dogo kwa wanaosita: mchezaji akiitwa na timu ya taifa akakataa, klabu haiwezi kumpanga kipindi chote cha wito na siku 5 zaidi, isipokuwa shirikisho likubali. Kwa hiyo anayetaka muda wa kufikiri aongee na shirikisho *kabla* majina hayajatangazwa.

Karani wa Vyeti

Nami niongeze moja kuhusu muda. Kosovo ilipokubaliwa FIFA Mei 2016, waliowahi kuchezea mataifa mengine walifunguliwa mlango maalumu. Mechi ya kwanza ya kufuzu ilikuwa ugenini Finland, 5 Septemba, na vibali vya wachezaji kadhaa viliwafikia siku ya mechi yenyewe. Mmoja wao, Valon Berisha, aliyekuwa wa Norway, ndiye aliyesawazisha kwa penalti, 1-1.

Jirani wa Mpaka

Na wenye asili ya pili wafungue ujumbe wao. Roberto Lopes, mzaliwa wa Dublin mwenye baba wa Cape Verde, aliandikiwa na kocha wa Cape Verde kupitia LinkedIn, kwa Kireno. Akadhani ni matapeli, akapita. Miezi kadhaa baadaye kocha akaandika tena, safari hii kwa Kiingereza. Tangu hapo amecheza AFCON mbili, na Oktoba 2025 Cape Verde ikafuzu Kombe la Dunia.