Mrejesho: laptopu iliyokuwa ikichemka hapa Goma

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza kuhusu laptopu iliyokuwa ikifika nyuzi 96 na kujizima nikifungua video. Wengi mlisema ninunue kibao cha feni cha kuwekea laptopu juu yake, mmoja akasema isafishwe kwanza. Huyo ndiye aliyepatia.

Kifuniko cha chini kilipofunguliwa, kati ya feni na vibati vyembamba vya kutolea joto kulikuwa na vumbi jeusi la lava, limegandamana kabisa, hewa haipiti. Tulizuia feni kwa kidole isizunguke, tukapuliza kutokea upande wa vibati, kisha tukafuta kwa alkoholi pasta ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa (chipu kuu) na kuweka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Sasa haivuki 81.

Kibao nacho nilinunua: kimepunguza nyuzi 3 tu, maana feni yake iko katikati na matundu ya laptopu yako pembeni. Kuinua nyuma kwa sentimita 3 kunaleta karibu hizo hizo, bure. Kelele ya feni bado ipo, na umeme ukikatika kibao kinakula betri ya laptopu. Mwenye kutaka kununua aangalie kwanza matundu yake yako wapi.