Ushauri: timu za Dar, Bengaluru na London, sprinti haikamiliki

Developa_Posta
Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kiufundi. Kampuni ni ya bima, kubwa, tunaendesha skramu (mtindo wa kujenga programu kwa awamu fupi) kwa sprinti, yaani awamu, za wiki mbili. Madevelopa wako Dar, wapimaji Bengaluru, wenye bidhaa (wanaoamua kipi kijengwe kwanza) na wasanifu wa mfumo wako London. Jumla tuko 31. Kikao cha kila siku kinakula dakika 45, kila mtu anasimulia alichofanya jana. Kazi zinawafikia wapimaji siku ya nane au ya tisa, sprinti inafungwa nusu ya tiketi (kazi zilizoorodheshwa) zikiwa wazi. Wakubwa nao wameanza kushindanisha timu kwa pointi (makadirio ya ukubwa wa kazi). Tuanzie wapi?

kipanga
Mkuu, kikao kirefu ni dalili tu. Ugonjwa ni kwamba mmegawana hatua za kazi badala ya kugawana kazi. London inaamua, Dar inaandika, Bengaluru inapima, kwa hiyo kila tiketi lazima ivuke bahari mara mbili, na ikirudishwa na kasoro inavuka tena. Melvin Conway alishaliandika hili mwaka 1968: mfumo hufuata sura ya mawasiliano ya shirika linaloujenga.

Gawanyeni kwa eneo la biashara. Timu moja ichukue madai ya wateja kuanzia skrini mpaka hifadhidata, nyingine ichukue ada za bima, na kadhalika. Mwongozo wa Skramu wa 2020 unasema timu kwa kawaida isizidi watu 10, kwa hiyo kwa 31 mnapata nne. Kila timu iwe na wapimaji wake wawili tangu siku ya kwanza ya sprinti, hata kama wamekaa Bengaluru, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kupanga kipaumbele bila kuomba ruhusa London. Hilo la mwisho ndilo wakubwa hukataa, na wakilikataa mengine yote yanabaki mapambo.

Msizihamishe timu zote kwa pamoja. Anzeni na moja, ile yenye utegemezi mdogo kwa wenzake.

Mama Kalenda
Naongezea upande wa saa, maana watu wengi hawapigi hesabu. Tuseme kila ofisi inafanya kazi saa 3 asubuhi mpaka saa 12 jioni kwa saa zake. Majira ya baridi ya Uingereza, miji yote mitatu inakutana kazini kuanzia saa 6 mchana mpaka saa 9 na nusu alasiri ya Dar. Majira ya kiangazi mnaanza saa 5 asubuhi. Toa na muda wa chakula. Dirisha hilo ni la maamuzi tu. Taarifa ziandikwe kwenye tiketi.

Swali la Bengaluru la saa 3 asubuhi kwao, majira ya baridi, linamkuta mwenye bidhaa wa London amelala. Atalisoma saa 8 na nusu mchana ya huko India. Akiwa kikaoni mpaka jioni yao, siku imekwenda. Maswali mawili ya namna hiyo kwenye sprinti ya siku 10 za kazi yanatosha kuiua tiketi.

Mtego mwingine: London inabadili saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba, Dar na Bengaluru hazibadili. Mwaliko ulioandikwa kwa saa za London, wa saa 9 alasiri ya Dar wakati wa kiangazi, unahamia saa 10 jioni. Bengaluru hiyo ni saa 12 na nusu, watu wameshaondoka. Andikeni mialiko kwa saa za Dar. Na kwenye kupanga uwezo wa sprinti wekeni sikukuu za pande zote. Idi inategemea mwandamo, acheni siku mbili zisizo na ahadi.

Kikao cha kila siku: dakika 15, timu kwa timu. Wawakilishi wa timu wakutane mara tatu kwa wiki, wazungumzie utegemezi peke yake.

tawi_kuu
Kwenye msimbo sasa. Tiketi isizidi siku tatu za kazi, ikizidi, ipasuliwe. Kila mtu aunganishe kazi yake kwenye tawi kuu (nakala ya msimbo ya wote) kila siku, na kipengele kisichokamilika kifichwe nyuma ya swichi ya kukiwasha na kukizima. Swichi iwe na tarehe ya kufutwa, la sivyo baada ya miezi michache hakuna ajuaye ipi ikizimwa inaangusha nini.

Sheria ambayo haina mjadala: usiunganishe katika saa ya mwisho ya siku yako kama hutasubiri majaribio yaishe. London ikiharibu jioni, Bengaluru ndiyo inayoamkia mfumo mbovu, na Dar wanafika saa mbili na nusu baadaye. Mabadiliko yakivunja kitu, yarudishwe nyuma kwanza, chanzo kitafutwe baadaye. Anayeamka ana haki ya kuyarudisha bila kumwuliza mwenyewe.

Kama kompyuta za Dar zinavuta vifurushi vya msimbo kutoka seva ya London kupitia VPN (njia ya mtandao iliyofungwa kwa usalama), wekeni ghala la akiba lenye nakala zake hapo hapo Dar.

Bwana Foleni
Pointi kila timu inajipimia kwa rula yake, ukizishindanisha zitapanda tu bila kazi kuongezeka. Wapeni wakubwa muda wa tiketi tangu ianze mpaka iwe laivu, na ongezeni safu ya "inasubiri" pamoja na mji inaousubiri. Wiki chache zinatosha kuona foleni ilipo.

Developa_Posta
Shukrani sana. Swali moja: timu zikishagawanyika, mkataba wa API (jinsi programu ya timu moja inavyoiomba ya nyingine data na kujibiwa) aandike nani? Wasanifu wa London wanataka hati yao iwe ndiyo sheria.

tawi_kuu
Aandike timu inayoitumia API, kwa majaribio yanayoendeshwa, na yakimbie kila timu inayoitoa inapounganisha msimbo. Msanifu apitie ndani ya siku moja ya kazi. Akichelewa, kazi iendelee. Kuongeza sehemu mpya kwenye jibu ni ruksa. Kufuta au kubadili jina la sehemu iliyopo kunadai matoleo mawili yaishi pamoja mpaka mtumiaji wa mwisho ahame.