Wenye nyumba wa Goba na Salasala: kodi ya mwaka mnaitaka, watoto wetu hamuwataki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Natafuta apatimenti ya vyumba vitatu, kimoja masta, ya kukaa na mke wangu, watoto wetu wanne na mama yangu mzazi. Nazunguka Goba, Salasala hadi Madale, hapa Dar es Salaam. Nyumba zipo, tena nyingine zina vumbi madirishani kwa kukosa mtu.

Kabla hujaona hata geti, dalali anataka 20,000 ya kukuonyesha. Ukikuta siyo nyumba uliyoambiwa, hela hairudi. Wanakwambia dakika tano kutoka lami, unapanda bodaboda kwenye makorongo hadi kiuno kinauma. Maji muda wote, wanasema, unafika simtanki ni tupu na jirani anakwambia wananunua ya boza. Na ukiipenda nyumba, dalali huyo huyo anachukua kodi ya mwezi mzima kutoka kwako, wakati aliyempa kazi ni mwenye nyumba!

Sasa pigeni hesabu. Kodi 700,000 kwa mwezi, mwenye nyumba anataka mwaka. Hiyo ni 8,400,000. Weka na ya dalali, 9,100,000, na bado hujalipa kirikuu cha kubeba vitanda. Mshahara wangu unaingia kila mwisho wa mwezi. Hiyo ya mwaka niitoe wapi kama siyo kwenye mkopo? Na ukishailipa ndiyo umefungwa: bomba likipasuka mwezi wa pili, simu haipokelewi.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni watoto. Mama mmoja mwenye nyumba aliniuliza nina wangapi. Nikamjibu wanne. "Hapana baba, watanichafulia ukuta. Mimi napendelea mtu na mke wake tu." Vyumba vitatu, sebule, uwanja wa kutosha, anataka watu wawili! Mwingine alipokea habari ya watoto vizuri, akaja kukwama kwa mama yangu, eti mtu mzima anatumia maji mengi. Nilimshukuru nikaondoka, maana ningebaki pale ningesema maneno mabaya mbele ya mzazi wangu.

Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kodi ya majengo ni ya mwenye jengo, ila tangu 2021 inakatwa kwenye umeme, na anayenunua umeme ni mpangaji. Ilianza 1,000 kwa mwezi, 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Niliuliza kama itapunguzwa kwenye kodi ya pango, nikaambiwa kama naona ghali nitafute kwingine. Ni hela ndogo, lakini ni deni la mtu mwingine.

Sheria ya 1984 ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Tangu hapo tunaambiwa ni makubaliano ya watu wawili, huku mmoja wao ndiye mwenye funguo. Wabunge wanaoomba kura kwetu walete sheria nyingine: kodi ya kulipwa mapema isizidi miezi mitatu, dalali alipwe na aliyemtuma, na mtu asinyimwe nyumba kwa sababu ana watoto.

Kama kuna mwenye nyumba humu anayepokea miezi mitatu na hana shida na familia ya watu saba, anijibu hapa hapa. Madalali msinitafute.