Coyote wa mpakani ni mlanguzi, au tunalikosea neno?

Mwanzisha mada:
Wakuu, habari za mpaka wa Mexico na Marekani zikisomwa kwa Kiswahili, yule avushaye wahamiaji, ambaye Wamexico humwita coyote, sisi tunamwita "mlanguzi wa binadamu". Naona tunakosea. Itifaki mbili za Umoja wa Mataifa za mwaka 2000 zimetenga makosa haya: kumvusha mtu kwa malipo naye karidhia ni moja, kumlaghai au kumlazimisha ili anyonywe ni jingine. Coyote hulipwa na msafiri mwenyewe au ndugu zake. Anayesikia "mlanguzi wa binadamu" anajua mtu kauzwa.

Neno lenyewe limeonewa tangu zamani. Ni la Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Mexico, coyotl, mnyama wa jamii ya mbwa. Nezahualcoyotl, mfalme mshairi wa Texcoco, mji wa Mexico, karne ya 15, jina lake ni "coyote aliyefunga kula". Lilikuwa jina la heshima hilo! Wahispania walipotawala wakalitia kwenye orodha zao za rangi, coyote akawa mtoto wa chotara na mwenyeji. Na Wanahua, wasemaji wa Kinahuatl, wa eneo la Huasteca mashariki mwa Mexico mpaka leo humwita coyotl mtu asiye mwenyeji, yaani yule mgeni. Kila upande unamtupia mwenzake.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo sipo nawe. Huko Mexico na Amerika ya Kati coyote pia ni anayemfuata mkulima mdogo shambani, akanunua kahawa yake kwa bei ya kutupa na kwenda kuiuza ghali. Huyo kama si mlanguzi ni nani? Neno letu linabeba maana zote mbili, sawasawa na lao. Tena usiwasafishe. Juni 2022 wahamiaji 53 walikufa kwa joto la trela pale San Antonio, Texas. Sisi wenyewe, Juni 2012, tuliokota maiti za Waethiopia zaidi ya 40 walioshushwa kwenye lori mkoani Dodoma. Na huko Mexico wahamiaji huitwa pollos, kuku. Kuku na coyote, wapi na wapi?

Mchangiaji wa pili:
Mimi linaloniuma ni mnyama. Tunamtafsiri "mbweha", na mbweha tunaye wetu. Coyote ni wa Amerika tu, na kwa wenyeji wengi wa huko ndiye mjanja wa ngano. Kwetu ujanja ni wa sungura. Ukiandika mbweha, hadithi yote imepotea. Tuandike koyote.

Mwanzisha mada:
Koyote nakubali, na wa kahawa mwiteni mlanguzi, sibishi. Aliyewafungia watu kwenye trela wakafa ashitakiwe kwa vifo vyao. Ila kwa anayempitisha mama na mwanawe jangwani kwa ujira waliopatana, mimi napendekeza "mvushaji". Mwenye neno bora alilete.