Nimechoka kugeuza simu kila mume wangu akiingia. Nianzie wapi?

Mama Mahamri, Likoni

Assalamu alaykum jamani. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunipa pole, maana hapa hamna mwanamume wa pembeni, wala kamari, wala mkopo wa simu.

Kazi yangu ni mahamri na mbaazi. Jioni nakanda unga kwa tui na iliki, naufunika uumuke, na nyumba ikitulia nachukua simu naingia Wikipedia ya Kiswahili. Sisomi tu, naandika. Hasa makala za samaki wetu: changu, pono, nguru, jodari. Wikipedia hii ipo tangu 2003 na yeyote aruhusiwa kuihariri, lakini kurasa nyingi bado zina ule mstari wa chini unaosema makala hii ni mbegu, yaani sentensi mbili tatu basi. Nikiona mbegu ya samaki, usingizi hauji.

Chukueni tafi. Jina lake la kitaalamu ni Siganus sutor. Nilitaka mtoto wa Likoni akimtafuta akute kwa lugha yake kwamba samaki huyu hula mwani na nyasi za baharini, kwamba miiba ya mapezi yake ina sumu, na kwamba sumu ile huvunjwa na joto, ndiyo maana aliyechomwa hutia mkono kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia. Haya mamangu aliyajua bila kitabu. Mimi ilibidi niyatafute yalikochapishwa, kwa sababu kule huandiki jambo bila kutaja chanzo. Sentensi ya ile miiba ilinila usiku mzima, na naipenda mpaka leo.

Hakuna aliyenikataza. Siri hii nimejiwekea mwenyewe. Niliishia darasa la nane, nikaona watu watasema huyu muuza mahamri naye ajifanya mwalimu wa chuo. Basi kabla ya kulala nafuta historia ya simu. Nikisikia champali za baba watoto mlangoni naigeuza simu juu ya leso. Akiniuliza, nasema naangalia mapishi.

Sasa kuficha kumekuwa kazi kubwa kuliko kuandika. Na yeye ameacha kuuliza. Zamani akirudi kutoka bandarini alikuwa akija kukaa nami hata kama amechoka, anisimulie kuhusu makontena na foleni ya feri. Siku hizi akiona mwangaza wa simu anapitiliza chumbani. Hajasema neno, na hilo ndilo linaloniuma, kwa kuwa najua anawaza nini.

Nataka niiache siri hii. Je, nimwambieje ili asione kama natunga? Na nikishasema nyumbani, niweke pia jina langu halisi kule ninakoandika? Natumia jina la kubuni.

Shoga wa Majengo

Shoga, usimwambie, muonyeshe. Kila ukurasa wa Wikipedia una historia yake, nawe wajua kuliko mimi: tarehe, saa, na jina la aliyehariri. Saa hizo ndizo zilezile alizokuona na simu. Nani atatunga hayo?

Lakini simu mpe mkononi. Usiishike wewe ukimpitisha ukurasa kwa ukurasa, atafikiri wamchagulia cha kuona. Mwache abonyeze mwenyewe, hata akitoka nje ya hapo akaenda kwenye meseji zako, kaa kimya umngoje. Na usifanye hivyo akitoka shifti na njaa. Ale kwanza.

Kijana wa Tudor

Shikamoo mama. Mimi natofautiana kidogo na dada wa Majengo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na kuolewa hakuiondoi. Mwambie kwa sababu wewe wataka akae nawe tena. Asidhani kuanzia leo simu yako ni ya kupekuliwa. Meseji za dada zako na shoga zako si zako peke yako kuzitoa.

Jina halisi usiliweke. Wikipedia haikudai. Ukiandika kwenye ukurasa wako wa mtumiaji kwamba wewe ni fulani wa mtaa fulani, hata ukifuta kesho, toleo la zamani labaki kwenye historia kwa anayelitafuta. Tena michango yako yote imeorodheshwa mahali pamoja pamoja na saa zake, kwa hivyo mtu akijua jina lako ajua pia saa ambazo huwa macho. Watu wako wa nyumbani wajue. Walimwengu watosheke na makala.

Mzee wa Mtongwe

Binti yangu, hilo la darasa la nane liondoe moyoni. Kule hawaulizi cheti chako, waulizacho ni chanzo. Mumeo ukimuonyesha, anza na samaki anayemjua.

Mama Mahamri, Likoni

Marahaba mwanangu wa Tudor, na ahsanteni nyote. Nimemuonyesha jana baada ya chakula cha usiku. Nilifungua ukurasa wa tafi, nikampa simu, nikaenda kuosha sufuria ili nisimsimamie.

Alisoma polepole mno. Akaingia kwenye historia, akashuka na zile tarehe, akaniuliza kama jina lile ni mimi. Nikamwambia ndiyo. Meseji hakuzigusa. Nilidhani ataniuliza mbona nilimficha, na jibu nilikuwa nalo tayari. Badala yake akasema, "Hapa umeandika tafi huvuliwa kwa nyavu. Na malema je?"

Marehemu babake alikuwa akisuka malema, ile mitego ya samaki, kwa fito, na chambo cha tafi kilikuwa mwani, wautia ndani ya lema lenyewe. Alinieleza mdomo wa lema unavyokazwa ili samaki aingie asitoke, akichora kwa kidole juu ya meza iliyokuwa na unga. Tuliongea mpaka nikachelewa kukanda. Mambo haya sijawahi kuyasikia kwake miaka yote ya ndoa.

Jina la kubuni libaki, hilo nimekubali. Yeye ajua, wanangu nitawaambia wakija wikendi, basi.

Tatizo lililobaki ni la malema. Maneno ya mume wangu siwezi kuyaweka kama chanzo, lazima yawe yamechapishwa. Amesema akipata siku ya mapumziko tuvuke pamoja twende Mkomani, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, tuulize kama maktaba yao ina kitu kuhusu uvuvi wa malema. Aliyewahi kuingia pale aniambie: wanapokea mtu wa kawaida tu, au mpaka uwe na barua?