Acheni kutolea mfano kura 6 za Iowa, kuna wapiga kura 22 waliotupwa pembeni

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia sana, leo nimeshindwa. Kila mjadala wa uchaguzi ukifunguliwa humu, hazipiti kurasa mbili kabla hajatokea mtu na mfano wa Iowa: wenzetu Marekani mtu kashinda ubunge kwa kura 6 kati ya karibu laki nne, aliyeshindwa akakubali, maisha yakaendelea, sisi tunakwama wapi. Watu wanashangilia, uzi unafungwa.

Mimi naishi huku huku, mashariki mwa Iowa. Ni raia, napiga kura. Kila nikiusoma huo mfano damu inanichemka, maana haukuwa hivyo. Aliyeshindwa hakukubali siku mshindi alipotangazwa. Aliacha kudai miezi minne baadaye, amebanwa kila upande, wakiwemo watu wa chama chake mwenyewe. Na zile kura zilizokuwa zinabishaniwa hakuna mwenye mamlaka aliyewahi kuziamua. Hakuna jaji wala kamati iliyokaa ikasema hizi halali, hizi batili. Zimebaki hivyo hivyo. Huo ndio mfano mnaotuletea kila siku?

Ngoja niwape habari yenyewe, kwa sababu naona wengi mmeishia kwenye vichwa vya habari.

Uchaguzi ulikuwa Novemba 3, 2020. Eneo la uchaguzi namba 2 la Iowa, kusini mashariki mwa jimbo, kaunti 24. Kuna miji kama Davenport na Iowa City, lakini sehemu kubwa ni mashamba ya mahindi na soya na mabanda ya nguruwe. Jimbo zima lina watu kama milioni tatu na ushee, na nguruwe zaidi ya milioni ishirini. Mbunge aliyekuwepo, Dave Loebsack wa Democratic, alikuwa anastaafu, kwa hiyo kiti kilikuwa wazi. Republican walimsimamisha Mariannette Miller-Meeks, daktari wa macho aliyewahi kuwa jeshini, ambaye alishagombea kiti hicho mara tatu na kushindwa. Democratic walimsimamisha Rita Hart, mkulima na mwalimu wa zamani aliyekuwa seneta wa jimbo. Wote wawili ni watu wa kawaida wa huku, sina ugomvi nao binafsi.

Hesabu za usiku ule zilimweka Miller-Meeks mbele kwa kura 282. Kisha ikagundulika kaunti ya Jasper imekosea kuingiza takwimu. Zikarekebishwa, Hart akawa mbele kwa 162. Hazikupita siku nyingi ikaibuka kaunti ya Lucas, nako kuna kituo hesabu zake hazikuwa zimeingizwa sawasawa. Miller-Meeks akarudi mbele, safari hii kwa 47. Ndani ya wiki moja hivi uongozi umebadilika mara mbili kwa sababu ya makosa ya ofisi, si kwa sababu wapiga kura wamebadili mawazo. Nawaelewa wafanyakazi wa kaunti ndogo: watu wachache, uchaguzi wa corona, kura za posta za kumwaga. Makosa yalirekebishwa hadharani, na hilo nalikubali. Kilichonitibua ni kilichofuata.

Hart akaomba kura zihesabiwe upya kaunti zote 24. Kwa utaratibu uliokuwepo, kila kaunti inaunda bodi ya watu watatu: mmoja anateuliwa na mgombea huyu, mwingine na mgombea yule, na wa tatu wanakubaliana. Haya. Bodi hizo ndizo zinazoamua zitahesabu vipi. Kaunti moja ikasema tunapitisha karatasi kwenye mashine tena. Nyingine ikasema tunahesabu kwa mkono. Nyingine, kama Scott yenye Davenport, kaunti kubwa kuliko zote kwenye eneo lile, ikachanganya mashine na mkono, na hesabu ya kura za posta ikatoka tofauti na ile ya mwanzo.

Mnaona tatizo? Mashine haisomi nia ya mtu. Mpiga kura akizungushia jina duara badala ya kujaza kile kiduara, mashine inaona nafasi tupu. Binadamu akiishika karatasi ile anajua alimtaka nani. Kwa hiyo kura ya aina moja, iliyopigwa na watu wawili wanaotenganishwa na barabara ya mpaka wa kaunti, huyu inahesabiwa na yule haihesabiwi. Uchaguzi ni mmoja, mbunge ni mmoja. Katika uchaguzi wenye tofauti ya kura elfu kumi hakuna anayejali. Katika uchaguzi wa kura 6, namna ya kuhesabu ndiyo inayochagua mbunge.

Maana ndipo tulipofika. Novemba 30 jimbo likathibitisha: Miller-Meeks 196,964, Hart 196,958.

Sasa tuje kwenye zile 22. Timu ya Hart ilisema kuna kura 22 zilizopigwa na watu wenye haki, ambazo hazikuhesabiwa kwa makosa, na zikihesabiwa yeye anashinda kwa kura 9. Baadhi ni za watu waliopigia kura ndani ya magari yao nje ya kituo, utaratibu uliowekwa kwa wasioweza kuingia ndani. Mtu katimiza kila alichoambiwa, akamkabidhi msimamizi karatasi yake, akaondoka akijua amepiga kura, na karatasi haikuingizwa kwenye mashine. Nyingine ni za posta zilizokataliwa kwa sababu ya bahasha: haikuzibwa vizuri, au saini haipo panapotakiwa. Na kuna hizi ambazo zinaniuma kuliko zote: kura ambazo hazikuhesabiwa mwanzoni, zikaonekana wakati wa kuhesabu upya, zipo mezani, na bodi ikasema haiwezi kuzigusa kwa sababu haikuzikuta kwenye hesabu ya kwanza. Yaani umekaa kurekebisha makosa ya hesabu ya kwanza, kosa limeonekana mbele ya macho yako, na kanuni inakwambia lirudishe lilikotoka.

Republican walisema hizo kura zilikataliwa kihalali, kwamba sheria ni sheria. Inawezekana, kwa baadhi yake. Mimi sijaziona bahasha. Ndiyo maana nataka kujua kwa nini hakuna mtu hata mmoja aliyepewa kazi ya kuziangalia na kutoa uamuzi.

Njia ya mahakama ilikuwepo kwenye makaratasi tu. Sheria ya Iowa ilisema unaweza kupinga mbele ya jopo la majaji watano, wakiongozwa na Jaji Mkuu wa jimbo. Lakini shauri lilitakiwa liwe limeisha ifikapo Desemba 8. Matokeo yamethibitishwa Novemba 30. Siku nane! Uunde jopo, ukusanye ushahidi kaunti 24, uwaite wapiga kura watoe viapo, usikilizwe, uhukumiwe, siku nane. Linganisheni na New York mwaka huo huo, eneo la uchaguzi namba 22, walikogombea Anthony Brindisi wa Democratic na Claudia Tenney wa Republican. Kule makaratasi ya kunata yaliyoandikwa sababu za kukataa kura yalibanduka, kaunti zikashindwa kueleza kura ipi ilikataliwa kwa nini. Aibu tupu. Lakini jaji alipata muda, akazichambua bahasha hadi Februari 2021, Tenney akashinda kwa kura 109 na kila mtu akajua kwa nini. Kwa nini mpiga kura wa New York apewe jaji na wa Iowa apewe siku nane?

Hart akaamua kuruka mahakama na kwenda moja kwa moja Baraza la Wawakilishi, Desemba 22. Katiba ya Marekani inalipa kila baraza mamlaka ya kuamua uchaguzi wa wajumbe wake, na kuna sheria ya mwaka 1969 inayoeleza utaratibu. Kisheria alikuwa sawa. Lakini nitasema wazi, na Wademocrat wa humu mnisamehe: lilikuwa kosa kubwa. Baraza lile lilikuwa mikononi mwa chama chake, viti 222 kwa 213. Hata kama zile kura 22 zingekuwa halali zote, nani mwenye akili timamu angeamini uamuzi uliotolewa na wenzake wa chama kimoja? Angekwenda kwenye jopo la majaji, akatupwa kwa kukosa muda, aibu ingebaki kwa sheria ya Iowa na watu wangeiona. Alipokwenda Washington, hadithi ikageuka, hakuna tena aliyeuliza habari za mtu wa kwenye gari.

Na Republican nao wasijifanye malaika. Kevin McCarthy, kiongozi wao katika Baraza wakati ule, alipiga kura Januari 2021 kupinga matokeo ya Arizona na Pennsylvania yaliyothibitishwa na majimbo yenyewe. Miezi miwili baadaye huyo huyo yuko mbele akisema matokeo yaliyothibitishwa na Iowa hayaguswi, na kwamba Nancy Pelosi, Spika wa Baraza wa Democratic, anaiba kiti. Wademocrat waliotuhubiria Januari kwamba uthibitisho wa jimbo ni wa mwisho, Machi wakakaa kwenye kamati kuujadili upya uthibitisho wa Iowa. Kila chama kilishika kanuni ya mwenzake kwa sababu ya kiti kimoja. (Miller-Meeks mwenyewe hakupinga matokeo ya urais, nampa haki yake kwa hilo.)

Wabunge wa Democratic wenyewe wakaanza kunung'unika hadharani. Wengi walikumbuka Indiana mwaka 1984, eneo namba 8: jimbo lilimthibitisha Rick McIntyre wa Republican, Baraza lililokuwa mikononi mwa Wademocrat likahesabu lenyewe, Mei 1985 likamwapisha Frank McCloskey kwa tofauti ya kura 4, Republican wakatoka ukumbini. Uhasama ule ulidumu miaka. Machi 31, 2021 Hart akaondoa shauri. Siku hiyo kila mtu akapumua, na kura 22 zikazikwa bila kusomewa hukumu.

Mnajua nini kingine kilitokea mwezi huo huo? Machi 8 gavana Kim Reynolds alisaini sheria mpya ya uchaguzi. Siku za kupiga kura mapema zikakatwa kutoka 29 hadi 20. Vituo vilivyokuwa vinafungwa saa 3 usiku vikawa vinafungwa saa 2. Kura ya posta lazima iwe imefika ofisini kabla ya kufunga vituo, hata kama uliituma siku nyingi kabla. Jimbo limetoka kwenye uchaguzi ambao kasoro yake ni namna ya kuhesabu, halafu haraka yote ikaenda kwenye kumbana mpiga kura! Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anayetoka zamu jioni ndiye aliyekuwa tatizo?

Nasema kwa uchungu kwa sababu nawajua watu wanaoumia. Iowa City imejaa Wakongo, na wengi wao wanazungumza Kiswahili hiki hiki. Watu waliokimbia vita, wakasubiri miaka kupata uraia, wakaapa. Mtu kama huyo anapopokea bahasha ya kura yenye maelekezo ya Kiingereza cha kisheria, saini hapa, ziba pale, ni rahisi kukosea sehemu moja. Nawezaje kumwambia kura yake ina thamani, wakati najua ikikataliwa kwa makosa hakuna mlango wa kugonga? Mgombea ndiye mwenye haki ya kudai. Mgombea akichoka, au chama kikiona hakilipi, haki ya mpiga kura imekwisha naye. Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Mwenye kura hakuwa mtu wa kusikilizwa kwenye kesi ya kura yake mwenyewe.

NYONGEZA: Kuna mdau kaniuliza kwa nini nafukua makaburi, uchaguzi ulishapita. Mkuu, mwaka 2024 Miller-Meeks huyo huyo, sasa eneo namba 1, alimshinda Christina Bohannan kwa kura zisizofika 800 kati ya zaidi ya laki nne, na zikahesabiwa upya tena. Huku ushindani wa namna hii si ajali ya mara moja.

NYONGEZA 2: Anayesema natetea Wademocrat asome tena hapo juu. Kama zile 22 zingeangaliwa na jaji na zote zikaonekana batili, Miller-Meeks angeingia bungeni bila doa na mimi nisingeandika uzi huu. Yeye pia alidhulumiwa kwa kuachiwa ushindi ambao nusu ya watu wanaunong'onea.

NYONGEZA 3: Walioniandikia inbox kutoka Des Moines na Cedar Rapids, naweka hapa wote mfaidike. Ukiomba kura ya posta, irudishe mapema, usingoje wiki ya mwisho. Saini ya kiapo kwenye bahasha, halafu ziba, na usiifungue tena ukishaziba. Kama muda umebana, usiamini posta, ipeleke mwenyewe ofisi ya kaunti yako, si kaunti ya jirani hata kama ni karibu na kazini. Tovuti ya ofisi inayosimamia uchaguzi wa jimbo inakuonyesha kama bahasha yako imepokelewa. Ukiona haijapokelewa, au wakikupigia kwamba ina kasoro, nenda siku hiyo hiyo na kitambulisho. Na siku ya uchaguzi, mwisho wa kupokea bahasha ni saa 2 usiku.